Kupanda Kilimanjaro kwa kikundi cha wenyeji: mwongozo kamili wa njia ya Marangu

Anayetaka kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huulizia mapafu, miguu na baridi. Maswali hayo yana majibu, nayo yamo humu. Lakini miaka niliyopanda na vikundi vya wafanyakazi, vya wanakwaya na vya marafiki waliosoma pamoja imenionyesha kwamba kikundi cha wenyeji huharibikiwa zaidi kwa mambo ambayo hayakuzungumzwa kabla ya kuondoka nyumbani: nani ameshika fedha, nani ana haki ya kumwambia mwenzake ashuke, wagumu, yaani wapagazi, watapewa nini, na wenye mwendo wa kasi watakaa vipi na wenye mwendo wa taratibu. Mkishafika kituo cha Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, ambako kichwa kinagonga na hasira ziko karibu, hakuna mjadala utakaoendeshwa kwa utulivu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye daftari la michango, unapita kwenye mitumba, na unachelewa kufika kileleni.

Ninaposema wenyeji simaanishi Wachagga peke yao. Namaanisha raia wa Afrika Mashariki wanaojilipia wenyewe na wanaosema Kiswahili kimoja na watu wanaowabebea mizigo. Hilo la lugha si dogo. Mgeni aliyetoka Ulaya hajui mpishi na mgumu wanasemezana nini jikoni; ninyi mtasikia kila neno, nao watasikia kila neno lenu.

Hatua ya kwanza: undeni kikundi na mgawane kazi

Idadi inayofaa ni kati ya watu wanane na kumi na wawili. Mkiwa wachache zaidi, gharama za mwongozaji, mpishi na usafiri zitamlemea kila mmoja. Mkiwa wengi zaidi, kikundi kitajigawa chenyewe kwa mwendo na kwa maneno. Anzeni miezi sita kabla ya safari. Michango ya kila mwezi itumwe kwa simu kwa mhazini mmoja, naye atoe hesabu mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, kama inavyofanyika katika kamati ya harusi, isipokuwa kwamba hapa ahadi haihesabiwi kuwa fedha. Asiyekamilisha mchango wake mwezi mmoja kabla ya tarehe aachwe kwa heshima na arudishiwe alichotoa, kwa sababu ada za hifadhi hazina mkopo wala udugu.

Zaidi ya mhazini, mnahitaji mratibu anayezungumza na kampuni, na mlezi wa afya. Huyu wa mwisho si lazima awe daktari au muuguzi. Anatakiwa awe mtu ambaye wengine hawaoni haya kumwambia kwamba wameharisha au wametapika, na kama kikundi kina wanawake na wanaume, ni vyema wawe wawili, mmoja kwa kila upande.

Andikeni makubaliano mafupi na kila mtu ayasome. Yaseme kwamba neno la mwongozaji mkuu kuhusu kushuka ni la mwisho na halijadiliwi. Kwamba hakuna atakayeficha dalili ya ugonjwa. Na kwamba kila mtu atakuwa na mwenzi wake wa njiani, ambaye atamwangalia uso, ulaji na usemaji wake asubuhi na jioni. Jozi hizo zisiwe za mke na mume, wala za bosi na msaidizi wake. Mke huogopa kumvunja moyo mume, na karani hathubutu kumwambia meneja kwamba anayumba.

Kuhusu tarehe, miezi mikavu ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia ya msituni kuwa tope. Wenyeji wengi hupenda kupanda karibu na 9 Desemba, kwa kuwa ilikuwa usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera ya Tanganyika na kuuwasha Mwenge kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Ni siku yenye shangwe, ila vituo hujaa na mvua za vuli huwa hazijakatika. Anayetaka shangwe aende Desemba. Anayetaka kufika aende Februari au Septemba.

Hatua ya pili: chagueni Marangu, na chagueni siku sita

Njia ya Machame inasifiwa kwa mandhari yake, na sifa hizo ni za kweli, lakini kwa kikundi cha wenyeji kinachopanda mara ya kwanza nashauri Marangu. Ndiyo njia pekee yenye mabanda ya kulala, kwa hiyo mahema hayabebwi, idadi ya wagumu hupungua na gharama nayo hupungua. Katika vituo vya Mandara na Horombo kuna kumbi za kulia chakula ambamo vikundi vyote huketi meza zilizokaribiana, na humo ndimo mnamofahamiana na wapandaji wengine kwa namna ambayo mahema hayaruhusu. Tena Marangu ni kijiji chenye kumbukumbu ya kazi hii. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu mwaka 1889 walikuwa na watu wa hapa, na wazee wa Marangu bado wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa walioongoza msafara ule.

Vipimo vya njia ni hivi. Geti liko karibu mita 1,860. Kutoka hapo hadi Mandara, mita 2,720, ni kilomita 8 hivi. Mandara hadi Horombo, mita 3,720, ni kilomita 12. Horombo hadi Kibo ni karibu kilomita 10. Kutoka Kibo hadi Uhuru, mita 5,895, ni kilomita 6 tu, lakini kilomita hizo sita huchukua saa sita hadi nane.

Kampuni zitawauzia safari ya siku tano kwa sababu ni nafuu. Msikubali. Siku inayoongezwa ni ile ya kukaa Horombo bila kupanda kituo kingine, ili mwili uizoee hewa. Huko juu kabisa kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni ambayo mkazi wa Tanga au Mombasa amezoea. Ukinyima mwili ile siku moja, fedha zote mlizochanga kwa miezi sita zinaweza kuishia kwenye ngazi za Kibo.

Hatua ya tatu: kampuni, ada na wagumu

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo kila mtu huiita KINAPA, hairuhusu mtu kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa, hata kama mtu huyo amezaliwa Mamba au Kilema na anaujua msitu kama kihamba cha babu yake. Lazima mpitie kwenye kampuni yenye leseni. Raia wa Tanzania na wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa ada kwa shilingi, nazo ni ndogo mno zikilinganishwa na za wageni wengine, hivyo kila mtu abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti yake halisi, wala si picha iliyo kwenye simu. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Msifike getini na noti mfukoni.

Hapa sasa ndipo penye jambo ambalo wenyeji wengi hulikosea, nami nililikosea. Tunapenda kupatana bei. Tunaiambia kampuni kwamba sisi si wazungu, tupunguziwe. Tujiulize punguzo hilo hutoka wapi: ada za hifadhi hazipungui, mafuta ya gari hayapungui, na mchele una bei yake sokoni. Kinachopungua ni posho ya mgumu na mlo wake.

Mgumu ni jina ambalo wapagazi wa Kilimanjaro wanajiita wenyewe, na jina hilo limestahiliwa. Mzigo wa kampuni anaobeba haupaswi kuzidi kilo 20, na hupimwa getini. Juu ya huo anaongeza nguo na blanketi lake. Kikundi cha watu kumi huwa na mwongozaji mkuu, wasaidizi wake watatu hivi, mpishi, na wagumu wawili au watatu kwa kila mpandaji. Kabla ya kulipa, mratibu aiulize kampuni maswali manne, na ayaandike majibu: mgumu analipwa kiasi gani kwa siku, analipwa lini, anakula milo mingapi, na ana koti na viatu vya baridi au hana. Huko Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kwa kifupi cha KPAP, ambao huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Kampuni inayowapeleka watu wake huko haitaona taabu kuwaambia.

Kisha kuna bakshishi. Katika safari yangu ya kwanza hatukuiweka kwenye bajeti kabisa, kwa hoja ambayo ilionekana nzuri tulipokuwa mjini: kwamba sisi ni ndugu zao, na bakshishi ni desturi ya watalii. Tuliporudi getini wagumu walisimama mstari, wakaimba, wakanyamaza. Mhazini wetu alizunguka na kofia akikusanya chenji. Mmoja wao, kijana aliyenibebea begi langu siku sita, aliniambia kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Kaka, hata ninyi?" Tangu siku ile bakshishi huwa ndiyo fedha ya kwanza kutengwa, katika bahasha yake, kabla hata ya nauli. Si lazima ifikie ya mgeni wa dola. Iwe imepangwa, ijulikane kwa mwongozaji mkuu tangu siku ya kwanza, na igawanywe hadharani, jina kwa jina, kwa mwongozaji, wasaidizi, mpishi na kila mgumu mkononi mwake.

Hatua ya nne: afya, pamoja na lile tusilopenda kulisema

Kila mpandaji aonane na daktari. Shinikizo la damu, pumu, kisukari na ujauzito vizungumzwe huko. Lakini kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya wageni hulipita haraka, nalo linatuhusu sisi: selimundu, yaani sikoseli. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, kwa kuwa upungufu wa oksijeni ndio hasa unaozifanya chembe zake za damu zijikunje. Anayebeba vinasaba vya selimundu bila kuugua naye huweza kupata madhara ya bandama akiwa juu sana, na wengi wetu tunabeba vinasaba hivyo bila kujua. Pimeni. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

Dawa ya asetazolamaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea mwinuko, ila humfanya mtu ajisaidie haja ndogo mara kwa mara na kuhisi ganzi za vidoleni, na haiwafai wenye mzio wa dawa za salfa. Daktari ndiye aamue. Msigawiane vidonge kama peremende.

Mfahamu pia dalili. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula ni mambo ya kawaida kuanzia Horombo. Mwenye dalili hizo abaki alipo na asipande zaidi hadi zipungue. Lakini mtu akiyumba kama mlevi, akishindwa kutembea juu ya mstari ulionyooka kwa kugusisha kisigino na ncha ya kiatu, akichanganya maneno, akikohoa povu, au akitweta hata alipoketi, huyo anashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Maji yameingia mapafuni au ubongo umevimba, na dawa ya kwanza ni kwenda chini. Wagumu wana machela ya gurudumu moja kwa kazi hiyo, na huiendesha kwa kasi ya kutisha kidogo.

Hatua ya tano: mazoezi

Miezi minne ya kutembea inatosha kwa mtu mwenye afya ya wastani. Msikimbilie mashine za kukimbilia. Tembeeni kwenye milima, mkiwa na begi la kilo sita au saba mgongoni, saa tano au sita mfululizo, siku mbili zinazofuatana. Wa Dar es Salaam wana vilima vya Pugu na, wikendi ndefu ikipatikana, Uluguru pale Morogoro. Wa Nairobi wana Ngong na Longonot. Wa kaskazini mwa Tanzania wana Longido na Hanang. Mlima Meru, wenye mita 4,566, ndio mwalimu bora kuliko wote, na huko utatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Aliyefika kilele cha Meru anajua mwili wake unavyolipokea giza, baridi na hewa haba.

Tembeeni kama kikundi angalau mara tatu. Faida kubwa si misuli. Ni kumjua mapema anayelalamika, anayechelewa, anayesahau maji, na anayekwenda mbele bila kugeuka nyuma. Huyu wa mwisho ndiye wa kuzungumza naye kabla ya safari.

Hatua ya sita: nguo, na jinsi ya kuzipata kwa bei yetu

Vifaa vipya vya mlimani ni ghali, na hakuna sababu ya kuvinunua. Mitumba imejaa makoti ya manyoya ya bata, sweta za sufu na suruali za kuteleza kwenye theluji ambazo muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui ni za nini. Soko la Memorial pale Moshi, Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba kule Nairobi hutosha kumvalisha mtu kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu. Kanuni ni moja: pamba isikae mwilini. Fulana ya pamba ikishika jasho haikauki, na jasho likipoa usiku wa kileleni, kwenye baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, ni hatari. Tafuteni sufu au nailoni: vazi jembamba la ndani, la kati la kutunza joto, na la juu la kuzuia upepo na mvua.

Begi la kulalia, fimbo na koti zito vinaweza kukodiwa Moshi au getini. Buti zisikodiwe wala zisinunuliwe wiki ya safari. Zivaeni miezi miwili zikubali miguu yenu. Ongezeni tochi ya kichwani na betri za akiba, glavu nene juu ya nyembamba, kofia ya sufu, miwani ya jua, mafuta ya midomo, na chupa za maji za kujaza lita tatu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, hivyo nguo zigawanywe kwa mifuko ya kitambaa. Simu ilale nawe ndani ya begi la kulalia, maana baridi hunyonya betri.

Hatua ya saba: siku sita za mlimani

Siku ya kwanza huanza kwa kusubiri. Mizigo inapimwa, majina yanaandikwa, wagumu wanagawana vyungu na majiko. Msikae pembeni mkipiga picha. Nendeni mkasalimiane. Mwongozaji mkuu akiwa mtu mzima apewe shikamoo yake kabla ya jambo lolote, mpishi na wagumu waulizwe majina, na majina hayo yaandikwe. Anayejua salamu mbili za Kichagga, "shimboni" na kuitikia "shicha", na neno "haika" la kushukuru, atafunguliwa milango ambayo fedha haifungui. Katika msitu, ambako mbega huruka juu ya vichwa vyenu, mwendo uwe mdogo mdogo tangu hatua ya kwanza. Mgumu akija nyuma na mzigo kichwani, simameni upande wa mlima, si upande wa bonde, mmpe njia na mseme "pole na kazi". Mandara mtapokewa na chai na bisi. Baada yake tembeeni hadi kreta ya Maundi, dakika kama ishirini, kisha mrudi mlale.

Siku ya pili mnatoka msituni na kuingia kwenye vichaka, kilele cha Mawenzi kinajitokeza kulia kwenu, na karibu na Horombo mnaanza kuona zile senesio, mimea mikubwa yenye umbo la watu waliosimama kungojea. Kunywa maji lita tatu kwa siku, hata bila kiu. Tangu mwaka 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo, na hapa kikundi kinahitaji uamuzi uliofanywa nyumbani. Simu zinaleta kazi za ofisini, lakini zinaleta pia misiba. Kila mtu aseme kabla ya kuondoka kama angependa kupewa taarifa ya kifo akiwa juu, au ahifadhiwe hadi ashuke, na jibu lake limfikie mratibu pamoja na ndugu mmoja wa nyumbani. Nimeona mtu akisoma habari ya kuondokewa na baba mdogo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mbele ya bakuli la supu, na hakuna aliyejua la kufanya.

Siku ya tatu mnabaki Horombo. Asubuhi pandeni taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, mkae kidogo, mshuke. Mchana wote ni wenu, na ndio wakati mzuri kuliko yote ya safari. Ombeni ruhusa kwa mwongozaji muende jikoni. Wagumu hula ugali pamoja kutoka sinia moja, na mkikaribishwa, ketini. Mkono uliooshwa na tonge moja lililochovywa kwenye mchuzi wa dagaa hufanya kazi ambayo hotuba ya shukrani haiwezi. Msiende na kamera. Utani utaanza wenyewe, hasa kama kuna Mpare katikati ya Wachagga, kwani hao wana leseni ya kale ya kutaniana kuhusu fedha, na anayetaniwa asikasirike. Jioni muombeni mzee mmoja awasimulie jinsi Mawenzi alivyokwenda kwa Kibo, kile kilele kikubwa chenye Uhuru, kuomba moto mara moja zaidi ya ilivyostahili, hadi Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana Mawenzi ana meno meno hadi leo. Kila msimuliaji ana Mawenzi wake, na kila mmoja atasema wenzake wamekosea.

Dini nazo zina nafasi. Wanakwaya wataimba mapambio, na wagumu wengi, waliolelewa katika kwaya za Kilutheri na Kikatoliki za vijiji hivi, watawatia sauti ya nne bila kuombwa. Kwa Waislamu, kibla kutoka hapa ni kaskazini, msafiri anaweza kufupisha na kukusanya sala, na mwongozaji akiambiwa mapema atapanga mapumziko kwa nyakati hizo. Kinachoudhi ni kikundi kimoja kukesha kikiimba ilhali banda la jirani lina watu wanaoamka usiku. Saa tatu usiku, kimya.

Siku ya nne mnapita Maji ya Mwisho, kisha jangwa tambarare kati ya Mawenzi na Kibo, ambako upepo ndio unaosema. Kibo hakuna maji; wagumu hubeba kila tone, kwa hiyo asiwepo wa kunawia miguu. Kuleni mapema hata kama chakula hakishuki, pangeni nguo zote mtakazovaa, lalani saa moja jioni. Usingizi hautakuja. Kulala macho wazi ni mapumziko pia.

Usiku wa siku ya tano mtaamshwa kabla ya saa sita kwa chai na biskuti. Mwongozaji mkuu awe mbele, msaidizi mmoja nyuma, na aliye taratibu kuliko wote atembee wa pili, mara baada ya kiongozi; huyo ndiye atakayepima mwendo wa wote. Msikae chini zaidi ya dakika tano. Kwenye pango la Hans Meyer, karibu mita 5,150, kila mmoja ajibu maswali ya mwenzi wake kwa sauti: unaitwa nani, leo siku gani, kichwa kinaumaje kwa kipimo cha kumi. Kutoka hapo ni changarawe na kona hadi Gilman's Point, mita 5,685, na wengi hukata tamaa nusu saa kabla yake. Hapo ndipo nyimbo zina maana. Wagumu wanaosindikiza hawaimbi kwa ajili ya picha. Wanaimba kwa mwendo wa hatua, ubeti mmoja kwa pumzi mbili, na ukiitikia unajikuta unatembea. Ambaye hajafika Gilman's saa mbili asubuhi ageuke. Baada yake kuna Stella Point, kisha ukingo wa kreta hadi Uhuru. Kaeni huko robo saa, mpige picha ya pamoja kwanza na za mmoja mmoja baadaye, kisha mshuke hadi Kibo mpumzike, na jioni mlale Horombo.

Wenzenu walioshushwa usiku mtawakuta Kibo au Horombo. Sentensi ya kwanza mtakayowaambia iwe ya kuwajulia hali, na simulizi za kileleni zingoje hadi wenyewe waulize.

Hatua ya nane: getini, na wiki inayofuata

Siku ya sita ni mteremko wa kilomita 20 unaoumiza magoti kuliko kupanda kulivyoumiza mapafu. Getini, waliofika Uhuru hupewa cheti cha rangi ya dhahabu na walioishia Gilman's au Stella hupewa cha kijani. Vyeti vigawanywe na mwongozaji mkuu mwenyewe, halafu bahasha za bakshishi zifunguliwe mbele ya wote. Nguo ambazo hamtazihitaji tena wapeni wagumu, zikiwa zimekunjwa na kukabidhiwa mkononi, kwani nguo iliyoachwa kwenye benchi inaonekana kama takataka.

Kama muda upo, chakula cha mchana kiwe Marangu, mtori kwa walioishiwa nguvu na mbege kwa wanaokunywa, na waongozaji na mpishi waketi meza moja nanyi. Rudisheni vifaa vya kukodi siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja mhazini asome hesabu ya mwisho, salio lirudishwe kwa kila mchangiaji hata likiwa elfu tatu, na mratibu atume picha kwenye simu za wagumu mlioandika majina yao siku ya kwanza, kwa kuwa mgumu amepanda mlima huu mara nyingi kuliko ninyi nyote na huenda hana picha moja aliyosimama kileleni.